Kaseti ya Muallim, Upande wa Pili

Nimepigwa na wanawake watatu maishani mwangu: mama yangu, mke wangu, na Zubeda muuza sambusa. Mama alikuwa na haki yake, na mke wangu tulishasameheana. Zubeda alinipiga mara mbili, na mara zote mbili alitumia upawa wa chuma wa kuopolea sambusa, ukiwa bado unadondosha mafuta. Kovu la kwanza liko mkono wa kushoto, juu kidogo ya saa. La pili sitawaonyesha.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Mutakura wakimtaja Zubeda huanza na huruma, na huruma yao inanikera. Maskini yule mama asiye na sauti, wanasema. Maskini nani? Ana miaka hamsini na minane, ana mabega ya mpakuzi wa saruji, na akikasirika soko zima linajua, ingawa hakuna anayesikia neno. Wewe ukikasirika unapiga kelele, hasira inatoka kidogo kidogo na mate. Yeye hana pa kuitolea, kwa hiyo inashuka mikononi. Nilimwona akimpasua mdomo muuza makaa aliyemletea gunia la vumbi, kisha akamfuta damu kwa mtandio wake mwenyewe na kumpa sambusa mbili ale hapohapo.

Mimi naitwa Rénovat, fundi wa redio. Kibanda changu na meza yake ya kukaangia vinatumia ukuta mmoja wa mabati, mwaka wa kumi na saba sasa. Mimi pia si mtu wa subira. Mdomo wangu umeshanifukuzisha kazi mara tatu, na ndio huohuo uliosababisha haya ninayoyaeleza.

Zubeda anaongea kwa pumzi tu. Ukitaka kumwelewa umtazame midomo, na ukizoea unamsikia vizuri kuliko wengi wanaobwata. Shingoni ana kovu linaloanzia chini ya sikio na kuishia kwenye mtulinga. Alilipata asubuhi moja ya mwaka tisini na tano, wakati wa vita, akitoka sokoni na mtoto wa siku arobaini mgongoni. Vijana walikuwa wameziba njia kwa matairi na gogo. Wakamuuliza ametoka wapi na anaenda wapi. Mwingine angejibu kwa upole, akapita. Zubeda aliwatukana mama zao mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili kisha kwa Kirundi, na waliokuwepo wanasema sauti ile ilifika ng'ambo ya mto Ntahangwa. Mmoja wao akasema, "Mumunyamazishe huyu." Wakamnyamazisha kwa panga.

Sitasema walikuwa watu gani. Wakati ule kila upande ulikuwa na mapanga yake, na mmoja wao, ambaye jina lake niliambiwa, hunisalimia mpaka leo nikipita. Zubeda aliokotwa akiwa amelala kifudifudi, damu imejaa mtaro, na mtoto juu ya mgongo wake analia. Madaktari walimshona akapona. Sauti haikurudi. Mumewe, dereva wa lori, aliuawa barabarani miezi miwili baadaye, na hakuna anayejua alizikwa wapi.

Yule mtoto ni Assia. Sasa fikiria nyumba ile: mama anaongea kwa pumzi, baba hayupo, wageni wakija wanaambukizwa, nao wananong'ona. Mtoto hujifunza kuongea kwa kumfuata mama yake. Assia akakua ana koo zima, lisilo na hata mkwaruzo, lakini anaongea kama mama yake. Walimu walimchapa ili apaaze sauti darasani, wakachoka. Leo ni fundi cherehani kule Gasenyi, na ukimpigia simu unadhani mtandao umekatika.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Assia tangu utoto, nacho ni sauti ya mama yake. Alitaka kujua ilikuwaje. Aliwauliza watu wote wa zamani aliowapata, na kila mmoja alijibu kwa neno moja: kali. Kali namna gani? Hawakujua kueleza. Alimuuliza mama yake mwenyewe, na siku moja Zubeda aliniambia kilichomuumiza zaidi katika swali lile.

"Fundi," alisema, "mi mwenyewe nimeisahau."

Kwa hiyo elewa jambo hili kabla sijaendelea. Katika dunia nzima hapakuwa na mahali ambapo sauti ya Zubeda ilikuwa imebaki. Ndivyo tulivyoamini sote, mpaka Jumatano ile kaka yake alipokuja na kaseti.

Kaka yake ni mdogo wake kwa miaka minane, ustadhi Shakuru, anakaa Buterere, anafundisha watoto kusoma Kurani. Mtu mkubwa wa mwili, mpole wa maneno, na yeye na dada yake huonana kwenye misiba tu. Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwake mpaka kiunoni, kama kwa kila mtu kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Yalipopungua, kaseti arobaini na mbili za marehemu baba yao, Muallim Atumani, zilikuwa zimeoza na tope. Shakuru alizifunga kwa kitambaa cheupe akazizika kwenye ardhi safi makaburini, maana kitu kilichobeba maneno ya Mungu hakitupwi jalalani. Ilibaki moja, iliyokuwa juu ya kabati ndani ya kopo la maziwa. Nayo ililowa kidogo, na yeye, kwa kutojua, akaianika juani juu ya bati.

"Fundi, uniwekee kwenye flash," alisema. "Upande huu Yasin, baba anasoma. Upande wa pili ni tafsiri yake. Ukimaliza, na hii naizika."

Tafsiri ile nilishazisikia sifa zake. Mji mzima wa Waislamu wa zamani ulizisikia. Miaka thelathini na mitano Shakuru alikuwa akiwaambia wanafunzi, "Baba yangu katika tafsiri yake alisema hivi," na kila alichotaka kukemea alikikemea kwa kinywa cha baba yake. Lakini hakuwa ameisikiliza hata siku moja. Aliniambia mwenyewe, macho chini: alikuwa na miaka kumi na mitano mzee alipofariki, na kila alipotaka kugeuza upande ule, moyo ulikataa. Kusoma Kurani ni jambo jingine. Tafsiri ni baba mwenyewe, anaongea na wewe Kiswahili chake cha nyumbani, anakohoa, anaita mtoto alete maji. Shakuru alikuwa anaitunza kwa siku atakayoweza kuistahimili.

Tukacheza upande wa kwanza, waya umeungwa kwenye ordinatera, kompyuta yangu ya kurekodia. Muallim alisoma kwa sauti nyembamba iliyonyooka, na Shakuru alilia bila kujificha, mtu mzima wa miaka hamsini. Mimi nilikuwa natazama deki ya kaseti. Ukanda ulikuwa unatoa unga wa kahawia kila unapopita kwenye kichwa cha kusomea. Jua lilikuwa limeuua. Niliona wazi kwamba kaseti ile imebakiwa na safari moja tu, au moja na nusu.

Nikamwambia aende, aje Ijumaa. Alipoondoka nikaitoa kaseti kusafisha kichwa, na hapo ndipo nilipoona tundu.

Kaseti za dukani zina matundu mawili mgongoni, moja la kila upande. Kiwandani huvunja vile vijipande vya plastiki vinavyoyaziba ili mtu asirekodi juu ya muziki. Sisi wote wa zamani tulikuwa tunaziba kwa karatasi iliyotafunwa, halafu tunarekodi tunachotaka. Tundu la upande wa Yasin lilikuwa limezibwa kwa karatasi, safi kabisa. Tundu la upande wa tafsiri lilikuwa wazi. Hakuna mashine duniani ambayo ingekubali kurekodi pale. Muallim alikuwa ameandika "Tafsiri" kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri, kabla hajaanza hiyo tafsiri.

Nikaweka kaseti, nikageuza, nikabonyeza ili kupima tu ukubwa wa sauti.

Kwanza yalisikika mawe. Mawe ya kweli, yanaanguka juu ya paa. Halafu ngoma moja, nzito, ikipigwa kwa hasira na mtu asiyejali kama itapasuka. Halafu gitaa, kama bati linaburutwa kwenye lami. Na ndani yake mwanamke akaanza kupiga kelele.

*Tupeni mawe! Tupeni tena!*
*Msingi haujatosha!*

Sijui nikuelezeje. Nimetengeneza redio miaka thelathini, nimesikia kila kitu kinachopita hewani mjini hapa, rumba, kwaya, zuku, maombi. Hiki sikuwahi kukisikia. Hakikuwa cha kuchezea wala cha kumbembelezea mtu. Sauti ilikuwa inakwaruza na kupanda, ikifika juu inapasuka, na badala ya kushuka inaendelea kupanda ikiwa imepasuka hivyohivyo.

Upande wa pili wa mabati nikasikia karai linaanguka. Kisha Zubeda akaingia na upawa akanipiga. Hiyo ndiyo mara ya pili. Alinipiga begani, alinipiga mahali pale nisipoonyesha, na nilipomshika mkono nikaona midomo inasema neno lilelile.

"Umeitoa wapi? Umeitoa wapi?"

Nikazima mashine.

Alikaa chini sakafuni, mafuta yanasambaa nje, sambusa ziko kwenye vumbi, mbwa wanakula. Akanieleza mchana ule wote, na mimi nikimtazama midomo.

Mwaka themanini na sita alikuwa na miaka ishirini, anaishi kwa baba yake Buyenzi. Kwenye gereji ya jirani kulikuwa na fundi wa injini, Herménégilde, kijana wa kanisani mwenye gitaa. Mwalimu mmoja wa Ulaya alikuwa amerudi kwao na kumwachia boksi la kaseti za muziki wa kwao ambao hata redio za kwao hazikuupenda, magitaa yaliyokasirika, watu wasiojua kuimba wanaoimba. Herménégilde alisikiliza akapagawa. Ili gitaa lake litoe ile hasira, alichukua wembe akaichanja spika yake, mistari mitatu, kama mtu anayechanja chale. Wakawa kundi, Zubeda ndiye mwimbaji, na jina lao likawa Bati, kwa sababu walifanyia mazoezi kwenye banda la mabati na majirani walikuwa wanawarushia mawe juu ya paa. Zubeda ndiye aliyesema wayaache mawe yaingie kwenye kurekodi. Albamu wakaiita *Mawe Juu ya Bati*. Nyimbo saba. Kaseti hamsini.

Hakuna aliyeitaka. Redio iliwarudishia kaseti na karatasi iliyosema kwamba hizi ni kelele. Ziliuzwa saba tu. Walipiga mara moja mbele ya watu, kwenye ukumbi wa vijana, na watu wakarusha chupa. Zubeda alikinyanyua kile chuma cha maikrofoni akamrushia wa kwanza aliyemwona. Mtu yule alipoteza meno mawili.

"Na uliimba tena?" nikamuuliza.

"Nilimaliza wimbo," alisema.

Habari ilimfikia Muallim kabla ya magharibi. Kesho yake alimpiga bintiye uani, saa nne asubuhi, majirani wakitazama, kwa upande wa mkanda wenye chuma. Kisha akatembea nyumba kwa nyumba kwa wenzake wa kundi na kurudi na kaseti zote alizozipata, arobaini na tatu. Akaziba tundu la upande wa kwanza kwenye kila moja. Angeweza kusoma mara moja akanakili. Hakufanya hivyo. Alikaa wiki nzima chumbani, akasoma Yasin upya kwenye kila kaseti, mara arobaini na tatu, mpaka akapoteza sauti yake mwenyewe. Aliandika "Tafsiri" upande wa pili wa zote, atakaporudi na nguvu. Kisha yakaja maradhi, na mwaka wa tatu akafa. Herménégilde aliuawa mwaka tisini na tatu. Zubeda alisoma maandishi ya baba yake kama walivyoyasoma wengine, akaamini pande zote mbili zimefutwa.

Hivyo albamu ile ilikaa miaka thelathini na minane juu ya kabati la ustadhi, ndani ya kopo la maziwa, inafukizwa ubani kila Ijumaa. Adui yake ndiye aliyeikusanya, na adui yake ndiye aliyeitunza. Mimi nilicheka mpaka begani kukauma. Zubeda hakucheka.

"Itacheza mara ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Basi isicheze mpaka Assia afike."

Tulikubaliana Ijumaa asubuhi, kabla ya Shakuru kufika. Assia atakaa kwenye kigoda, mimi nitabonyeza, ordinatera itarekodi, na kama rekodi itafeli angalau masikio yake yatakuwa yameisikia. Zubeda alifunga biashara yake siku nzima ya Alhamisi. Alinijia mara nne kuangalia kama kaseti bado ipo.

Sasa uje mdomo wangu. Alhamisi jioni Shakuru alipiga simu, sauti ya furaha, anauliza kama tafsiri ya baba imetoka vizuri. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema simu haina moto, betri inakufa. Lakini begani kulikuwa kunauma, nilikuwa nimekunywa bia mbili za Primus, na ule wepesi wake wa kumtaja baba yake ulinichoma.

"Tafsiri ya baba yako ni dada yako," nikamwambia. "Iko anapiga makelele humo, ustadhi. Uliificha mwenyewe kwenye kabati."

Akakata simu.

Ijumaa Assia alikuja saa tatu, amevaa vizuri kama anayekwenda arusini. Alinisalimia kwa pumzi. Mama yake alimkalisha mbele ya spika, akasimama kando ya ukuta. Nikasafisha kichwa kwa spiriti, nikaunga waya, nikabonyeza.

Mawe. Ngoma. Gitaa la spika iliyochanjwa. Na Zubeda wa miaka ishirini.

Assia alishika kigoda kwa mikono miwili. Nadhani miaka yote alikuwa ameiota sauti laini, sauti ya kubembeleza mtoto. Hii ilikuwa inamvamia. Alirudi nyuma kidogo, akamtazama mama yake, akaitazama spika, akamtazama tena mama yake. Midomo ya Zubeda ilikuwa inatembea. Alikuwa anaimba, kila neno, bila sauti, na sauti inatoka kwenye deki, imechelewa miaka thelathini na minane lakini inaingia sawasawa mdomoni mwake. Hakuwa anaisikiliza. Alikuwa anatazama uso wa bintiye.

"Ni weye?" Assia alinong'ona. "Mama, ni weye huyu?"

Hapo mlango wa bati ukapigwa teke.

Shakuru alikuwa hajalala, ungeiona machoni. Kanzu yake ilikuwa na tope la Buterere mpaka magotini.

"Zima hiyo kitu."

"Subiri, ustadhi. Dakika kumi tu, halafu uende nayo."

"Maneno ya Mungu iko upande ule! Ukanda ni mumoja! Zima!"

Alikuwa na haki yake, najua, na kama angeniambia hivyo Alhamisi ningemsikiliza. Lakini alinisukuma, na mimi nikisukumwa sina dini. Nikampiga kichwa cha pua. Yeye akanipiga ngumi moja ya mdomo, nikasikia jino linalegea, nikaanguka juu ya meza, meza ikaanguka juu yangu, ordinatera ikapasukia sakafuni na waya ukang'oka. Rekodi ikaishia pale. Deki ilianguka karibu na uso wangu, na haikunyamaza.

*Tupeni tena! Tupeni tena!*

Shakuru akainama kuichukua. Zubeda akampiga na upawa mgongoni, akampiga shingoni, akampiga mkononi mpaka nikasikia mfupa wa kidole unalia. Alimpiga kwa niaba ya kila siku ya miaka ile. Shakuru alipiga yowe, akageuka, na mikono yake miwili mikubwa ikaenda shingoni kwa dada yake, juu ya lile kovu, ikabana.

"Baba yangu iko wapi?" alikuwa akilia, machozi na damu ya pua vinachanganyika. "Umeweka wapi sauti ya baba yangu? Iko wapi?"

Zubeda hawezi kuita msaada. Hata usipomkaba hawezi. Miguu yake ilikuwa inapiga ukuta wa bati, upawa umemdondoka, uso unageuka rangi. Mimi nilikuwa chini ya meza, mguu umebanwa, mdomo umejaa damu. Na kelele za kwenye kaseti zilipanda, zikapasuka, zikaendelea kupanda zikiwa zimepasuka, na nikafikiri, Mungu wangu, mwanamke huyu anauawa huku anaimba.

"Mwache! Mwache mama! Nitakuua! Nitakuua, muyomba, mwache!"

Sikukumbuka maneno hayo kwenye wimbo. Nikageuza macho kuitazama deki. Ukanda ulikuwa umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira, ukakatika. Magurudumu yote mawili yalikuwa yamesimama. Hakuna kilichokuwa kinacheza. Na sauti ilikuwa bado inatikisa mabati.

Assia alikuwa amesimama katikati ya kibanda, ngumi zimekunjwa, mishipa ya shingo imetoka, anapiga kelele. Ileile. Mkwaruzo uleule, kupanda kulekule, kupasuka mahali palepale. Miaka ishirini na tisa ilikuwa imekaa ndani ya mtoto huyu aliyelelewa kwa kunong'ona, na hakuna aliyejua, wala mwenyewe hakujua.

Shakuru aliachia. Aliitambua sauti ile kabla yangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili ilipokuwa ikijaza nyumba yao ya Buyenzi. Mikono ilimshuka, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Dada," alisema. Na hakuwa anamtazama Zubeda.

Kisha akapiga magoti, akaanza kuutoa ukanda uliokatika kwenye mashine, taratibu, kwa vidole vinavyovimba, akiukunja ndani ya kofia yake. Hakuna aliyemzuia. Nilimsaidia kuutoa uliobaki.

Assia alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyevunja kitu cha watu. Zubeda alitambaa mpaka kwake, anakohoa, shingo nyekundu. Akamtoa ile mikono mdomoni, mmoja mmoja. Akamwekea kiganja kooni.

"Tena," alisema.

"Siwezi, Mama," Assia akanong'ona.

Zubeda akamnasa kibao cha shavu.

"Mama!" Assia akapiga kelele, na soko lote likaja mbio kuuliza nani anauawa. Walitukuta mimi natema damu, ustadhi analia juu ya kofia yake, na Zubeda ameshika koo la bintiye kwa kiganja, anacheka, mabega yake yanatikisika bila sauti.